Theluthi ya Mjane: Uhakiki wa Wosia wa Mwenye Kinu wa Plymouth

UTANGULIZI

Makala hii inahakiki maandishi ambayo wengi wetu hatujazoea kuyaweka kwenye rafu moja na riwaya, tamthilia na ushairi. Ni wosia wa John Jenney, mwenye kinu cha maji katika koloni la Waingereza la Plymouth, pwani ya Marekani ya Kaskazini. Wosia huo uliandikwa tarehe 28 Desemba 1643, na ulithibitishwa mbele ya mahakama ya koloni tarehe 5 Juni 1644. Kati ya tarehe hizo mbili mwenyewe alifariki, akaacha mjane, watoto wa kiume na wa kike, ng'ombe, na kinu kilichokuwa kikisagia mji.

Najua swali litakaloulizwa kwanza: "Hivi wosia nao ni fasihi?" Swali hili lisipuuzwe. Lakini muulizaji akumbuke kwamba sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili ndio wa mwisho kupaswa kuliuliza. Moja ya nguzo za ushairi wetu ni utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Utendi ule ni nini kama si wasia? Mama mjane, mgonjwa, anayaona maisha yanamponyoka, anamwita binti yake akae karibu, aandike. Na lugha yetu yenyewe haijengi ukuta hapa. Wasia ni nasaha za mzee anayejiandaa kuondoka. Wasia huo huo, au wosia, ni maagizo juu ya mali atakayoiacha. Mwana Kupona alishika upande wa kwanza wa neno, Jenney akashika wa pili. Hata hivyo, kama tutakavyoona, Jenney hakuweza kutoa hata ng'ombe wawili bila kuwafunga kamba ya nasaha shingoni.

Hoja yetu ni moja. Wosia wa mwenye kinu unajionyesha kama hesabu ya mali: huyu apate hiki, yule apate kile. Lakini ukiusoma pamoja na sheria iliyouzunguka na kumbukumbu za mahakama zilizoufuata, unagundua kwamba kinachogawiwa humo zaidi ni mamlaka ya baba. Na kile kisichogawika, yaani kinu na kazi ya kukiendesha, ndicho kinachoiumbua hesabu yote.

MWANDISHI NA MAZINGIRA YAKE

Wahakiki wa mrengo wa kijamii wametufundisha kwamba kazi haielei hewani. Basi tuseme machache juu ya mazingira. Jenney alikuwa Mwingereza aliyeishi Uholanzi pamoja na wale Wapuriti waliolikimbia kanisa la kwao, na huko alifanya kazi katika utengenezaji wa bia. Mwaka 1623 alivuka bahari na mke wake Sarah pamoja na watoto katika merikebu ndogo iitwayo Little James, miaka 3 baada ya Mayflower. Mwaka 1636 alipata ruhusa ya kujenga kinu cha kusaga nafaka kando ya kijito kinachopita katikati ya mji wa Plymouth.

Tusiipite ruhusa hiyo haraka. Kabla ya vinu vya maji, walowezi wale walitwanga mahindi kwa mikono kama tunavyotwanga sisi. Kinu cha maji kilikuwa nyenzo ya uzalishaji ya mji mzima. Mwenye kinu hakulipwa kwa sarafu, alichota sehemu ya nafaka ya kila mteja kwa kipimo maalumu. Kila aliyekula mkate Plymouth alikuwa amempa Jenney kiganja cha unga wake. Ndiyo maana mwenye kinu alikuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni, na ndiyo maana wakati wa uhai wake Jenney aliwahi kufikishwa mbele ya mahakama kwa malalamiko kwamba hasagi vizuri na kwamba watu wanasubiri mno. Yeyote aliyewahi kupanga foleni mashineni na debe la mahindi atayaelewa malalamiko hayo bila mkalimani.

Kwa hiyo tunaposema "mali ya mwenye kinu" tusidhani ni shamba na sufuria tu. Ni shamba, ni sufuria, na ni haki ya kuchota katika gunia la kila jirani. Haki ya namna hiyo unaigawaje kwa mjane na watoto?

MAUDHUI

(a) Hesabu ya mafungu

Tuanze na sheria, maana wosia wowote ni mazungumzo na sheria: mwandishi wa wosia ama anaifuata ama anajaribu kuikwepa. Uingereza ya wakati ule, ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia iliangukia kwa kawaida mikononi mwa mtoto wa kiume wa kwanza, peke yake. Wadogo zake na dada zake walingoja sehemu katika vitu vinavyohamishika. Mjane alikuwa na haki yake ya kale: theluthi ya ardhi ya mumewe, ya kutumia mpaka afe. Ya kutumia tu, si ya kuuza wala kurithisha.

Wapuriti wa Amerika walibadilisha kidogo. Mwaka 1641 koloni la jirani la Massachusetts Bay liliandika katika orodha yake ya haki kwamba mzazi akifa bila wosia, mtoto wa kiume mkubwa apate mafungu mawili. Chanzo chake ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Plymouth iliunganishwa na Massachusetts mwaka 1691, na mwaka uliofuata sheria ikakamilishwa: mjane theluthi ya vitu vinavyohamishika, viwe vyake kabisa, na theluthi ya ardhi kwa muda wa uhai wake, kinachobaki kigawiwe kwa watoto wote sawasawa, isipokuwa mkubwa wa kiume anayepata mara mbili.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua vitu vyenye thamani ya pauni 90, mjane mmoja na watoto 5. Mjane anapata pauni 30. Zinabaki 60, tunazikata mafungu 6: mkubwa wa kiume anachukua mawili, pauni 20, wanne waliobaki, wa kiume kwa wa kike, pauni 10 kila mmoja. Msomaji anayeijua Suratun-Nisaa ataona tofauti mara moja. Kule, mjane wa mume aliyeacha watoto anapata thumni, na kila wa kiume anapata fungu la mabinti wawili. Huku, binti yuko sawa na kaka yake mdogo, na anayepaa juu ya wote ni mmoja tu, aliyetangulia kuzaliwa.

Ni mgawo wa haki? Ukiupima na ule wa Uingereza, ni hatua ya mbele, na wenye kufaidi mfumo wa zamani waliona hivyo hivyo. Huko Connecticut, John Winthrop alikataa kugawana ardhi ya baba yao na dada yake Ann, mke wa Thomas Lechmere, akaipeleka kesi mpaka London, na mwaka 1728 Baraza la Mfalme likampa ushindi: sheria ya koloni inayowapa mabinti fungu la ardhi ikatamkwa kuwa batili. Miaka 10 baadaye, mwaka 1738, baraza hilo hilo liliikubali sheria ya namna hiyo ya Massachusetts katika kesi nyingine. Kwa hiyo mafungu haya hayakuwa hesabu baridi. Ndugu walivuka bahari kwa ajili yake.

(b) Kinu hakikatwi kwa shoka

Sasa basi, pauni zinagawika. Ng'ombe nao wanagawika, ukiwa na wa kutosha. Shamba linawekwa mipaka. Lakini kinu? Ukimpa mmoja jiwe la juu, mwingine jiwe la chini, na wa tatu gurudumu la maji, umewapa wote takataka.

Wanasheria walilijua tatizo hili, na hapa ndipo lugha yao kavu inapogeuka kuwa kitu cha kumfurahisha mhakiki. Mwanasheria Mwingereza Edward Coke, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1628, anaeleza kwamba mjane hawezi kupimiwa theluthi yake ya kinu kwa mipaka kama shamba. Njia ni mbili. Ama apewe kila kipimo cha tatu cha nafaka inayotozwa, ama apewe kinu kizima kila mwezi wa tatu.

Hebu tulitafakari jambo hilo la pili. Miezi 2 kinu ni cha mtoto, mwezi mmoja ni cha mama. Mto ni ule ule, jiwe ni lile lile, wateja ni wale wale, lakini mamlaka yanakuja na kuondoka kama hedhi ya mwezi. Hakuna mtunzi wa tamthilia aliyewahi kubuni mgogoro wa familia ulio mwepesi na mzito kiasi hiki kwa wakati mmoja. Jiwe likivunjika mwezi wa mama, nani alipe? Mavuno yakiangukia mwezi wa mwana, mama ale nini? Sheria inadhani imegawa kinu, kumbe imegawa mwaka, na imewalazimisha mama na mwana kutazamana kila mwezi mpaka mmoja wao afe.

Katika makoloni ya New England njia ya tatu ilitumika mara nyingi: kama mali haiwezi kukatwa bila kuharibika, inakabidhiwa nzima kwa mtoto mkubwa, naye anawalipa wenzake thamani ya mafungu yao. Mjane anatengewa sehemu yake ya nyumba: chumba fulani, sehemu ya ghala, ruhusa ya kupita mlangoni, ruhusa ya kutumia tanuri la mkate. Soma tena orodha hiyo kwa sauti. Mwanamke aliyewasha tanuri lile miaka 20 sasa anahitaji karatasi inayomruhusu kulisogelea.

(c) Ng'ombe wawili na mwaka mmoja

Tuje kwenye kifungu cha wosia wa Jenney ambacho kwa maoni yangu ndicho moyo wa kazi yote. Binti yake mkubwa, Abigail, alikuwa na mchumba, Henry Wood wa Plymouth. Baba anaandika kwamba kama Abigail atakubali kukaa mwaka mmoja kamili kwa Bwana Charles Chauncy wa Scituate kabla ya kuolewa, na Chauncy mwenyewe akiwa radhi kumpokea, basi apewe ng'ombe wawili pamoja na ridhaa kamili ya baba kuolewa na Henry Wood.

Msomaji wa kwetu akiona ng'ombe na ndoa katika sentensi moja atafikiri mahari. Wapi! Hapa ng'ombe hawaji nyumbani kwa baba, wanatoka. Kwa desturi ya Kiingereza binti ndiye aliyekwenda na mali kwa mumewe. Na ng'ombe hawa wanatoka kwa sharti. Chauncy alikuwa mchungaji msomi, mtu wa misimamo mikali ya dini, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha Harvard kuanzia mwaka 1654 hadi kufa kwake mwaka 1672. Baba hasemi kwa nini binti akakae huko. Labda alitaka afundishwe dini, labda alitaka mapenzi yapoe kidogo. Wosia unaamuru, haufafanui.

Hapa ndipo tofauti ya Jenney na Mwana Kupona inapoonekana, na ufanano wao pia. Wote wawili wanaongea na binti juu ya ndoa wakiwa karibu na kaburi. Wote wanataka utii. Mwana Kupona anamtaka binti yake amtii mume, na wahakiki wengi wamemlaumu kwa hilo. Lakini Mwana Kupona hana fimbo mkononi. Maneno yake ndiyo zawadi, anayatoa kama kipambo cha kuvaliwa shingoni, na binti anaweza kuyavaa au kuyaweka sandukuni. Jenney haamini kwamba maneno yanatosha. Anayafunga kwenye ng'ombe. Na tazama mpangilio wake: ng'ombe wawili na ridhaa ya baba vimewekwa kwenye mizani moja, kana kwamba baraka nayo ni mnyama anayeweza kufungwa zizini hadi mwaka uishe.

Lakini sharti hili lina udhaifu unaochekesha. Ridhaa ya mtu aliyekufa inatolewa na nani? Siku mwaka unapotimia, baba hayupo kusema "sawa". Anayesema ni karatasi. Hivyo mwandishi amefanya kile ambacho kila mwandishi anakiota: ameyapa maneno yake nguvu ya kutenda akiwa hayupo. Je, maneno hayo yalishinda? Kumbukumbu za Plymouth zinamtaja Abigail kama mke wa Henry Wood. Mchumba ni yule yule. Baba alikuwa na ng'ombe, binti alikuwa na nia, na mwisho wa hadithi umekwenda upande wa binti.

(d) Mjane na mashtaka yake

Na mjane je? Kwa sheria, yeye ni theluthi. Neno hilo lilitumika hivyo kabisa katika Kiingereza cha wakati ule: watu walisema "theluthi za mjane" kama tunavyosema "pensheni". Mtu mzima amegeuka sehemu ya hesabu.

Lakini fungua kumbukumbu za mahakama ya Plymouth za Agosti 1644, kiasi cha miezi miwili na nusu tu baada ya wosia kuthibitishwa. Humo anatajwa Bibi Jenney. Ameshtakiwa, naye anaahidi kwamba atarekebisha usagaji kinuni, vinu vya kutwangia vitakuwa safi, na magunia ya watu hayataharibika wala kupotea. Malalamiko ni yale yale aliyotupiwa mumewe. Aliyeitwa kujibu kwa ajili ya kinu ni mjane.

Wenzangu, hapa panahitaji kusomwa polepole. Sheria inapogawa, inamwona mwanamke huyu kama theluthi. Mji unapolalamika kwamba unga ni mbaya, unamwona mzima. Lawama haikukatwa mafungu matatu. Hakuna jirani aliyesema, "Sarah Jenney tunamdai theluthi moja tu ya gunia lililopotea." Fungu katika faida, jukumu lote katika hasara: huo ndio ukweli ambao hesabu ya mirathi haiuandiki.

Na hakuanza kazi siku ya mazishi. Mtu hajifunzi kuendesha kinu kwa wiki chache za matanga. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich, katika kitabu chake Good Wives cha mwaka 1982, ameonyesha jinsi wake wa New England walivyokuwa manaibu wa waume zao: mume akiwa safarini, mgonjwa au marehemu, mke alishika biashara, akajibu madai, akaamuru watumishi. Naibu hana cheo chake mwenyewe, ana cheo cha mwingine. Ndiyo maana haonekani mpaka mwenye cheo aondoke.

FANI

Kwa upande wa muundo, nyaraka za mirathi za New England zina sehemu mbili zinazotazamana. Kwanza ni wosia wenyewe, unaoanza mbinguni na kushuka duniani: kwa kawaida roho inakabidhiwa kwa Mungu, mwili kwa ardhi, ndipo mali inapofuata. Pili ni orodha ya mali. Majirani wawili watatu wanaume waliingia nyumbani, chumba baada ya chumba, wakaandika kila kitu na bei yake kwa pauni, shilingi na peni. "Mali bila daftari hupotea bila habari," Waswahili wamesema, na Wapuriti walikuwa watu wa daftari hasa.

Lakini daftari nalo lina mtazamo. Kwa sheria ya Kiingereza mwanamke akiolewa, vitu vyake vinavyohamishika vinakuwa vya mume. Hivyo orodha inapoandika "mali ya marehemu", ndani yake mna shuka alizofuma mke, siagi aliyoisukasuka, na sufuria aliyokuja nayo kutoka kwa wazazi wake. Msimulizi wa orodha anaongea kwa nafsi ya tatu, hana hisia, na kwa hiyo tunamwamini. Hiyo ndiyo mbinu yake kubwa. Uongo wa orodha hauko katika kitu kimoja kimoja, uko katika kichwa cha habari.

Lugha ya wosia ni ya masharti na amri. Matumizi ya "kama" na "basi" yanafanya kazi ambayo katika riwaya ingefanywa na sura nzima. Kifungu cha Abigail kina wahusika wanne: baba, binti, mchumba na mchungaji. Kina mahali pawili, Plymouth na Scituate. Kina muda, mwaka mmoja. Kina mgogoro na njia ya kuumaliza. Yote hayo katika sentensi moja. Waandishi wetu wanaotumia kurasa 10 kutuambia baba ni mkali wangeweza kujifunza kitu hapa.

Wahusika wamechorwa bapa kwa makusudi. Abigail ana jina na nafasi yake katika kuzaliwa, hana sauti. Hata hivyo, kuwepo kwa sharti ni ushahidi wa sauti hiyo. Hakuna baba anayeweka sharti kwa binti ambaye ana hakika atatii bila sharti. Kwa hiyo mhakiki asikilize masharti kama anavyosikiliza majibizano: kila "kama" ya baba inajibu "nataka" ya mtoto iliyosemwa kabla karatasi haijaletwa mezani.

KIMYA CHA MATINI

Tumezungumza juu ya nani arithi. Hatujauliza mwandishi alirithi kwa nani. Mahali palipoitwa Plymouth palikuwa kijiji cha Wawampanoag kilichoitwa Patuxet. Maradhi makubwa ya kati ya 1616 na 1619, yaliyoletwa na wageni kutoka Ulaya, yalikiua kijiji hicho. Walowezi walipofika Desemba 1620 walikuta mashamba yaliyokwisha fyekwa na watu ambao hawapo tena. Tisquantum, mtu wa Patuxet aliyenusurika kwa sababu alikuwa ametekwa na kupelekwa Ulaya, ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi. Alifariki mwaka 1622.

Mahindi hayo ndiyo yaliyosagwa katika kinu cha Jenney, na kijito kile ndicho kilichowanywesha watu wa Patuxet. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," tunasema sisi. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji hakupona, na mgeni akaandika wosia. Wosia wa mlowezi hauwezi kumtaja mwenyeji huyo, kwa sababu ukimtaja, mgawo wote unaanza upya na marehemu anageuka mdaiwa. Hii ndiyo maana ya neno "koloni" katika mada yetu, na mhakiki atakayemtetea mjane huku akilisahau hili atakuwa amegawa haki kwa mafungu kama sheria ile ile anayoilaumu. Sarah Jenney alidhulumiwa na hesabu, na wakati huo huo aliishi juu ya dhuluma kubwa zaidi. Mambo mawili haya hayafutani.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Kama mtunzi wa maagizo, Jenney amefaulu kwa ufupi na kwa uwazi wa nia. Ametuachia kifungu ambacho baada ya karne karibu 4 bado kinamfanya msomaji aulize, "Sasa binti alifanyaje?" Huo si mtihani mdogo.

Ametofaulu pale ambapo aina yote ya maandishi haya inatofaulu. Inadhani kwamba mali ni vitu. Kinu kinatuonyesha kwamba mali ni mahusiano: ni maji ya mto, ni subira ya wateja, ni mtu anayeamka alfajiri kusafisha kinu cha kutwangia. Ukigawa vitu na kusahau mahusiano, unamwachia mtu mmoja mzigo na mwingine jina.

Wapo watakaosema tunaupa wosia mzigo usio wake, kwamba ni karatasi ya kisheria na tuwaachie wenzetu wa kitivo cha sheria. Jibu letu ni kwamba mwanasheria atauliza kama wosia ni halali. Hatauliza kwa nini baraka imepangwa mstari mmoja na ng'ombe. Swali hilo ni letu.

HITIMISHO

Mada hii haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Kanuni za mirathi za sheria za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zilieleza kwamba mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Sentensi hiyo ni tamu masikioni, ina hata mizani ya methali. Ndiyo hatari yake. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambayo ilikuwa ya talaka na si ya mirathi, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kusoma kile ambacho daftari halikuandika.

Mhakiki anadaiwa usomaji wa namna hiyo hiyo. Akikutana na wosia, orodha ya mali au hukumu, asitazame tu nani kapata nini. Atafute nani aliitwa kujibu unga ulipoharibika. Plymouth, Agosti 1644, aliyesimama mbele ya mahakama kujibu alikuwa yule ambaye hesabu ilimwita theluthi.